Kompyuta Inataka Kabuli Yangu

Namtanguliza Mola aliyefunza kwa kalamu, si kwa kitufe.

Bi Khairiya, mke wangu, nimekwenda Pongwe kuzika. Uji nimeufunika.

Mundhir, mjukuu wangu: ~~usiiguse laptopu.~~ Programu ya herufi za Kiarabu imegoma kuingia, na kasida ya arusi ya dada yako yatakiwa ichapwe leo. Kila mara Windows huniuliza kama nayakubali masharti yake, nami hukataa, kwa kuwa sijayasoma. Muungwana hatoi kabuli, neno la kukubali kama lile la ndoa, gizani. Bibi yako akanicheka asubuhi: "Mbona mimi ulinikubali hujaniona hata kisigino?"

Basi nakuweka wewe wakili wangu: kubali kwa niaba yangu.

Mola awahifadhi mliobaki, na kompyuta aijaalie subira ya bibi yako.

Babu yenu