Jina Lenye Mizani Nne

Mtaa wa Ménilmontant, Paris
Alhamisi, 9 Mei 1957

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichonitajia kimeondoka pamoja na theluji ya huko. Mimi sijambo. Babu naye hajambo kwa kipimo chake: macho yanazidi kufifia na mikono inatetemeka asubuhi, ila ulimi uko palepale. Bi Pruvost, bawabu wetu wa mlangoni, anakusalimu sana, na anauliza kama ni kweli watu wa Montreal hupika maharage kwa sukari. Nilimwambia sijui. Akaniambia basi muulize mama yako, kwani huko shuleni unasomea nini?

Barua yako na tiketi ya meli nilizipata wiki ya Pasaka. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nilianza mara nyingi nikachana karatasi. Umeniandikia kwamba chumba changu umekipaka rangi ya manjano, kwamba shule ya masista iko karibu, na kwamba nisafiri mwezi wa Julai shule zikifungwa, nije tuishi pamoja moja kwa moja. Halafu chini kabisa ukaandika nisikuletee habari za Babu, baba yako. Leo nitalivunja sharti hilo, kwa sababu siwezi kukujibu kuhusu Julai bila kukueleza habari zake.

Nataka sana kuja, Mama. Usifikiri vinginevyo hata kidogo. Nikisoma kitabu kizuri huwa nakusimulia kichwani, sura kwa sura, mpaka nifike mwisho ndipo nikumbuke kwamba hujasikia neno. Mara nyingine njiani nikimwona mwanamke mwenye koti la kijivu anayetembea haraka kama wewe, humfuata kidogo. Najua si wewe. Humfuata tu mpaka akunje kona.

Nilipomwambia Babu habari ya tiketi alimaliza supu yake, akapanda juu ya kiti, kwa umri ule, akalishusha sanduku la safari kutoka juu ya kabati na kuanza kulipaka dawa ya viatu. Akaniambia niende, kwamba huko kuna theluji ya kweli na si hili tope letu. Nilimuuliza nani atakayemsomea gazeti. Akasema magazeti ya siku hizi hayana habari.

Sasa nikueleze lililotokea. Alhamisi moja baada ya Pasaka, siku ambayo hatuendi shule, niliamka na jino linaniuma mpaka jicho linatoa machozi. Bi Pruvost akapanda ngazi na karafuu zake, akanitia moja kwenye jino, akanifunga shavu kwa kitambaa hadi masikioni. Kisha akaniambia, kama mtu anayemtuma mtoto dukani, nimwombe Mtakatifu Apolline. “Ndiye wa meno huyo,” akasema. “Mimi hajawahi kuniangusha.”

Unajua mwenyewe kwamba jina hilo halitajwi nyumbani kwetu. Nilimtazama Babu kwa hofu. Alikuwa ameweka kikombe mezani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha lakini machozi yakaendelea. Bi Pruvost akamkemea: “We mzee, una nini wewe? Mtoto anaumwa, unachekelea!” Babu akamjibu kwamba yeye, Pruvost, kwa neno moja amesema jambo ambalo yeye Babu alishindwa kumwelewesha mkewe mpaka akamzika.

Kisha akatusimulia. Mengi unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika kama nilivyoyasikia, ili uone yalivyofungamana.

Alikuja Paris akiwa kijana, mwana wa fundi mapipa kutoka upande wa Limoges, na vifaa vya baba yake mgongoni. Majira ya baridi ya kwanza aliviuza. Akawa anasimama kwenye njia panda kando ya mpiga kodiani, akiimba nyimbo alizotunga na kuuza karatasi zake kwa wasichana wa madukani, ambao walijifunza kiitikio palepale barabarani. Mmoja wao alinunua karatasi, akaisoma yote amesimama, akamwambia, “Kaka, ubeti wako wa tatu unachechemea.” Huyo alikuwa Bibi Marthe. Babu anasema hajawahi kuwa na mwalimu mwingine.

Baadaye alitungia kumbi za starehe na mikahawa, akafahamika kwa wenye kazi hiyo tu. Anasema baada ya onyesho mwimbaji hupigiwa makofi, mpiga piano hununuliwa kinywaji, na mtunzi wa maneno huulizwa pale mlangoni anamtafuta nani.

Ukaja ule muziki wa Bwana Lazare, mpiga piano. Katika kazi yao muziki mara nyingi hutangulia. Mtunzi hujaza maneno yoyote, hata yasiyo na maana, ilimradi mizani itimie na sauti isisahaulike. Wenyewe huyaita zimwi. Baadaye zimwi hufukuzwa na maneno ya kweli huingia. Muziki ule Babu aliutaka uwe wa Bibi. Beti zote zilikuwa tayari: mwanamke anayeshona mkono wa shati karibu na dirisha, akimngoja mtu asiyejua kurudi mapema. Mama, yule ni Bibi! Nimeuimba wimbo ule njiani na shuleni maisha yangu yote bila kumwona. Kilichobaki ni kiitikio. Muziki ulitaka jina lenye mizani nne, liitwe mara mbili, na Marthe hata ukilivuta namna gani lina mizani mbili. “Jina la bibi yako lilifika nusu ya njia,” akaniambia, “likakaa chini.”

Asubuhi hiyo Babu alikuwa na jino bovu. Shavu lake lilifungwa kitambaa kama langu. Lazare alikuwa akimhimiza, maana mwimbaji Irma Doré alikuwa njiani kuja kusikiliza. Basi pale kwenye jina akaweka zimwi, yaani dua aliyokuwa nayo mdomoni tangu alfajiri: Apolline, Apolline, niondolee maumivu haya. Apolline, ukiliimba, lina mizani nne kamili.

Irma Doré akaingia, akasikiliza akiwa bado amevaa glavu, akaketi, akalia. Akasema isiguswe hata herufi. Babu akamweleza kwa heshima kwamba lile ni jino lake. Akamjibu, “Hata lingekuwa tumbo lako la kuhara, bwana, naimba hivyohivyo.”

Ndivyo Wafaransa wote walivyoanza kulililia jino la babu yangu. Santuri ilikuwa kwenye kila mkahawa, na maharusi walicheza kwa wimbo ule. Siku moja mtu wa redio akamuuliza mbele ya kipaza sauti Apolline ni nani. Babu angeweza kusema kweli, watu wakacheka, yakaisha. Badala yake alishusha pumzi, akajibu kwamba kuna majina ambayo mwanamume huyabeba peke yake. Alipofika hapo hakunitazama, alikuwa akifuta makombo ya mkate ambayo hayakuwapo mezani.

Bibi alikuwa akipiga pasi karibu na redio, nawe ulikuwa mezani ukifanya hesabu za shule. Babu alirudi na keki. Bibi akamuuliza ni nani huyo. Akajibu, “Ni jino.” Bibi akamtazama, akamalizia shati alilokuwa akilinyoosha, na hakuuliza tena maisha yake yote. Babu alidhani amenyamaza kwa kuwa ameelewa. Wewe uliyelala chumba cha pili, ukuta mmoja na wao, unajua alinyamazia nini.

Baada ya hapo alimtungia Marthe nyimbo nyingi, mizani mbili kwa mizani mbili. Hakuna iliyoshika. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha wakapiga kelele kuomba Apolline. Sasa vijana wanataka magitaa, na Babu hatafutwi na mtu, ila wimbo ule bado unapita chini ya dirisha letu kila Jumapili.

Na siku ya mazishi ya Bibi, mpiga kodiani aliyesimama kwenye lango la makaburi, kwa nia njema kabisa, aliupiga ili kumheshimu Babu. Nilikuwa na miaka kumi, nimeushika mkono wako, nikausikia unakuwa baridi. Ulimwambia Babu kwamba hata leo ametangulia huyo Apolline wake. Majira ya vuli ukapanda meli. Sikuelewa wimbo umekosa nini. Nilidhani ni mzuri.

Nilimuuliza Babu kwa nini hakukwambia kweli siku ile. Akasema, “Nimwambie nini? Mama yake hakuniamini jikoni, yeye aniamini kando ya kaburi kwamba ni jino?” Mama, unaijua sauti yangu ilivyo ndogo, mwalimu wa Kilatini hunirudisha niseme mara mbili. Siku hiyo nilipaza sauti. Nilimwambia kwamba aliupenda ule uongo. Bi Pruvost akajishughulisha na karafuu zake. Babu akasema ndiyo. “Nilipenda kuitwa yule mwanamume. Alikuwa na huzuni nzuri. Mimi nilikuwa na mke mwema na meno mabovu.”

Akanikataza kukuandikia. Alisema itaonekana anaomba, na kwamba binti yake Solange ana haki ya hasira yake. Kwa hiyo nakuandikia bila ruhusa, wala sikuombi umsamehe. Bibi alikufa akiamini alichoamini, na hilo haling'oki. Najua pia kwamba ulipoteza mume vitani, kisha mama, na kwamba mji huu una mitaa mingi usiyotaka kupita.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo, nalo ndilo lililonichanisha karatasi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye ofisi ya meli. Bi Pruvost alinisindikiza, maana mbele ya dirisha la karani mimi huishiwa maneno. Karani alitueleza kwamba tiketi ni ya kutoka Le Havre kwenda Montreal, haina mjadala. Bi Pruvost akamuuliza, “Kijana, meli ikifika huko huchomwa moto au hurudi?” Karani akasema hurudi, mama. “Basi iandike irudi na mama wa huyu.” Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nilitamani ardhi inimeze, lakini karani alichukua kalamu.

Kwa hiyo tiketi iliyomo katika bahasha hii si yangu tena. Ina jina lako, Montreal kwenda Le Havre, katikati ya Julai. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungekataa. Ni jambo la kwanza kubwa nililofanya bila kulisoma kwanza kitabuni.

Ukifika, na majira ya joto yakiisha bado unataka nikae katika chumba cha manjano, nitafuatana nawe na sanduku langu nitalibeba mwenyewe. Lakini kwanza nataka mkae jiko moja, wewe na yeye. Sisemi mpatane. Gombaneni. Mkaripie, vunja sahani ukitaka, zile za maua hatuzipendi. Mwache ajieleze vibaya kama kawaida yake, nawe usiondoke mezani kabla hajamaliza. Nimechoka kuwa mtu pekee duniani anayewajua nyote wawili.

Bi Pruvost anasema usisahau jibu la maharage. Salamu za Babu sina, kwa kuwa hajui kwamba naandika. Ila kila asubuhi huniuliza kama mtu wa posta amepita, nami nikimwambia amepita na hakuna kitu, husema hakuwa akingoja kitu, kisha hubaki dirishani.

Nami nakungoja, na wala sioni haya kukwambia.

Mwanao,
Noëlie