Harusi Iliyofutwa Tabora

Mpanda, Jumanne, masika ya 1997

Mvua tangu alfajiri. Sina furaha wala huzuni. Koti limelowa, chai ilinuka moshi, basi.

Mradi wetu wa mifugo unaandika chapa za ng'ombe wa upande huu wote, na kumbukumbu zinakaa kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko Tabora. Huku Mpanda tuna simu ya upepo, na mimi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuiharibu ya kwanza.

Wiki iliyopita radi iliipiga hiyo seva. Bwana Kitwana, bosi wetu wa Tabora, akatutangazia tusihofu, nakala za akiba zipo kwenye kanda. Kuwepo zipo. Ila hakuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha.

Leo amejaribu. Yeye ananisomea kioo kinasema nini, mimi namwelekeza abonyeze nini, na vituo vya Inyonga na Majimoto vinatusikiliza, maana mawimbi ni ya wote. Kanda za karibuni zimegoma kusomeka. Akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, mpaka akapata moja iliyokubali, ya kabla ya mavuno ya mwaka juzi. Akaipandisha kwenye mashine mpya, kisha akatangaza kwamba data zote zimerudi.

Zote za mwaka juzi.

Sasa Mzee Masanja. Ni Msukuma wa Majimoto, kaleta ng'ombe wake kwa ajili ya mnada wa kesho, na mkwewe Shija amemsaidia kuswaga. Ng'ombe wana chapa ya Shija kwa sababu ni wa mahari. Shija alimwoa Kabula, binti wa mzee, mwaka jana, na uhamisho wa ng'ombe tuliuandika tukaupeleka Tabora. Bwana mifugo kawafungia zizini mpaka seva iseme ni wa nani. Isiposema ni wa mzee, wanakwenda kwa mwenye chapa.

Mzee alipoambiwa kwamba kumbukumbu ya ng'ombe wake imepotea Tabora, aliniuliza kwa upole, ng'ombe ambao hawajawahi kupanda treni wamepoteaje huko. Nikaita Tabora.

Kitwana alitafuta, akajibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. "Chapa hiyo ni ya Shija. Uhamisho hakuna. Ova."

Kwa hiyo, kwa mujibu wa seva, harusi haijafanyika.

Opereta wa Majimoto akaingilia. "Tabora, harusi hiyo mimi nilikula nyama yake. Nyie mnataka niirudishe? Ova."

Bwana mifugo akasema ushahidi wa tumbo yeye hapokei. Akamgeukia Shija, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni, maana hakai benchi moja na baba mkwe. Akamwambia neno lake moja linatosha. Ni wake au ni wa mzee?

Shija akaangalia miguu yake. Halafu akaangalia dirishani, kule kwenye zizi.

"Kama kompyuta imesema..." Akaishia hapo.

Nimeona watu wengi wakisema uongo. Huyu hakuusema. Aliufungulia mlango tu, akakaa pembeni upite wenyewe.

Mzee hakupandisha sauti. "Sawa, mwanangu. Kompyuta imesema. Chukua ng'ombe wako. Mimi nikitoka hapa napita kumchukua Kabula na mtoto wake. Hawajatolewa kitu, hao. Ni wa kwangu."

Bwana mifugo akaacha kuandika. Kwa Wasukuma maneno kama hayo si vitisho, ni utaratibu.

"Ng'ombe ni wa baba," Shija akasema, haraka mno. "Andika ni wa baba."

Ikaandikwa, akatia sahihi, zizi likafunguliwa. Wakaenda nao uwanja wa mnada kungoja kesho, mzee mbele, mkwe nyuma na fimbo, kama vile hakuna lililosemwa.

Nikabaki namsomea Kitwana ile harusi aiingize upya. Kitwana anataka ripoti kwamba urejeshaji umefanikiwa. Nitaandika kwamba umefanikiwa kuturudisha mwaka juzi. Mle ndani kuna marehemu ambao leo wana ng'ombe tena, na hao hawatakuja kubishana.

Moja naliandika hapa tu. Simu ya upepo ukibonyeza kitufe chake, kila neno la chumbani linakwenda hewani. Wakati Shija anaangalia miguu yake, kidole changu kilikuwa kimekibonyeza. Majimoto wamesikia yote, na kutoka kwenye mtambo wao hadi kwa Kabula ni pua na mdomo. Shija atafika nyumbani na maelezo yake, amkute mkewe keshapata ya kwake.

Nilisahau kukiachia?

Sidhani.