Marehemu wa Uongo Aliimbiwa

Jumatatu, 11 Januari 2021

Ndiyo, opera. Opera, si soka. Nimemjibu Tuan wa kazini mara tatu leo, ya nne nikajifanya sisikii, niko juu ya foklifti, mashine ya mizigo ya ghala letu la Smithfield. Anauliza, wewe Dieudo umeishia darasa la tano, unapeleka watu opera kufanya nini? Nikamwambia napeleka watu kukaa. Mamas wa kwetu huku ugenini wanasimama wiki nzima wakigeuza wazee vitandani. Masaa matatu kwenye kiti laini, giza, hakuna mtu wa kukuita. Halafu samaki kwenye mgahawa wa shangazi yake Tuan, Cabramatta. Biashara yangu ndiyo hiyo. Muziki ni nyongeza.

Amecheka. Tuan anacheka na meno yote.

Jumamosi nina watu sita. Mama Furaha anayeongoza chorale ya kanisa, kwaya yetu. Mama Chantal, sauti kubwa, mwili mkubwa, mdomo mkubwa kushinda vyote. Wanjiru, nesi wa Kenya. Na waimbaji wengine watatu. Kiti cha saba ni cha yaya Espérance, dada yangu mkubwa. Alijiandikisha Novemba. Sijamfuta.

Jumanne, 12 Januari

Nina hasira tangu asubuhi. Niandike sababu, labda itatoka.

Yaya alikufa tarehe 14 Desemba. Presha, si corona. Miaka kumi na moja kwenye chorale, sauti ya kwanza. Na tulimzika bila wimbo. Hata mmoja. Yule wa kampuni ya mazishi, suti nzuri, alisimama mlangoni akasema no singing. Eti corona inatoka na wimbo. Sawa. Tukanyamaza ndani ya kapela. Tukanyamaza kaburini. Mtu aliyeimbia maharusi wote wa mtaa wa Doonside ameshuka chini kimya kama sanduku la Smithfield. Na hata masanduku ya Smithfield, foklifti inayapigia honi.

Tarehe 23 ni siku arobaini. Tunatoa matanga. Nataka chorale iimbe. Nyama nitapika mwenyewe, viti nitaazima. Sitaki kitu kingine.

Hasira haijatoka.

Jumatano, 13 Januari

Nimeenda kwa Mama Furaha baada ya shifti. Amekataa.

Hajakataa vibaya. Amenipa chai, ameniita mdogo wangu. Lakini amekataa. Ukumbi wa kanisa ni wa kukodi. Mwaka jana jirani aliita polisi kwa sababu ya ngoma, mwenye ukumbi akasema mara moja tena, mnatoka. Nyumbani wageni ni watano tu, sheria ya corona. Na yeye anangoja kuitwa kula kiapo cha uraia. "Dieudo," amesema, "nimekimbia askari nchi mbili. Siwezi kuanza ya tatu."

Nikamwambia basi waimbe kama simu iliyowekwa vibration. Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na kuchekesha ndiyo kazi yangu.

Namuelewa. Namchukia kidogo. Vyote viwili.

Alhamisi, 14 Januari

Nimeosha gari. Viti kumi na viwili, zulia, mpaka ndani ya matundu ya hewa. Nilisugua kama ninamsugua mtu. Linang'aa.

Ijumaa, 15 Januari

Hii biashara ni wazo la yaya. Mimi nilikuwa nauza simu.

Mwaka juzi bibi mmoja wa nyumba ya wazee alimpa Wanjiru tiketi za ballet, ile dansi ya vidole vya miguu, yeye hana gari. Nikawapeleka, yaya naye akiwemo. Pasta akaniomba nisitangaze kanisani, kwa sababu wanaume wa kule wanavaa soksi mpaka kiunoni. Wenzake walitazama nguo. Yaya alitazama miguu tu. Akasema: "Hawa wasichana wanaumia vidole. Mimi nimetembea kutoka Fizi mpaka Uvira nikikimbia vita, najua uso wa mtu anayecheka huku vidole vinauma."

Halafu kwa shangazi wa Tuan, mdomo umejaa samaki, akaniambia acha simu, pesa iko hapa. Uwapeleke kuona kitu kizuri, uwalishe, uwarudishe mlangoni. Nani amewahi kuturudisha mlangoni?

Kesho kiti chake kitabaki wazi. Na mwaka huu viti vimeachwa wazi huku na huku, corona. Hakuna atakayejua kwamba kimoja kina mwenyewe.

Jumamosi, 16 Januari

Nimerudi. Naandika haraka, mwandiko utakuwa wa kuku.

Tulifika mapema. Mimi nawaambia mamas inaanza saa sita. Inaanza saa saba. Dawa yetu ya kuchelewa ni hiyo. Wameshuka kwenye gari na vitenge, maski zimeshonwa kwa kitenge kilekile. Wazungu wamevaa jinzi. Mama Chantal akauliza, hawa wamekuja kuosha vyombo?

Tumekaa. Pazia limefunguka. Watu kama arobaini jukwaani, chorale yetu mara tatu. Wanaimba. Hakuna maski. Midomo wazi mpaka unaona nyama ya koo. Mate yanaruka kwenye taa, naapa nimeyaona. Sisi chini tumefungwa pua kama wezi wa benki. Nilimwangalia Mama Furaha. Hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikaanza kuchemka. Lakini bado nilikaa.

Sehemu ya pili, mwanaume mmoja amechomwa kisu. Ameanguka. Ameinuka, akaimba. Ameanguka tena. Akaimba amelala. Mama Chantal akaninong'oneza, "Huyu anakufa kama wewe unavyoaga kwenye karamu." Nikacheka. Kicheko cha mwisho cha leo.

Kwa sababu wakamzika. Wamembeba juu ya mbao, nguo nyeusi, wale arobaini wote wamemzunguka. Wanaume wakaanza chini kabisa, polepole. Wanawake wakaingia juu yao. Sielewi ile lugha. Lakini ni wimbo wa msiba, huo unaujua hata ukiwa umelala. Wanamwimbia mtu ambaye hajafa. Niliona tumbo lake linapanda na kushuka.

Kwetu mtu akianzisha wimbo wa msiba hukai kama jiwe. Unaitikia. Hiyo hufundishwi. Mama Chantal ameteremsha maski na ameitikia. Sauti ya pili, chini, bila kelele. Na ilikaa. Ilikaa kwenye ule wimbo kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Kijana wa mlangoni amekuja na tochi. Madam, mask please. No singing.

"Na wale?" Mama Chantal amemuuliza kwa Kiswahili, kidole jukwaani. Halafu kwa Kiingereza.

They're the performers.

"Me also," amesema.

Vichwa vyote vimegeuka. Hapo Mama Furaha akasimama mwenyewe. Amebeba mkoba wake, amepita mbele ya kiti cha yaya, ametoka. Wote tukamfuata.

Kijana alitufuata mpaka nje kwenye ngazi. Mtoto wa watu, ana adabu. Mimi nikampakulia yote. Kiingereza changu kimevunjika lakini kilitosha. Nikamwambia huyo maiti wenu atainuka sasa hivi, atainama, atapigiwa makofi. Wangu hatainuka. Wenu ni wa uongo, mmemwimbia. Wangu ni wa kweli, mmemnyima wimbo. Nilipiga kelele mpaka ndege weupe wa pale, wezi wa chipsi, wakaruka.

Amekuwa mwekundu. Akasema, sir, I'm so sorry, it's only inside. Out here you can sing all you like. Akaonyesha juu, mbinguni, kama hatujui nje ni nini.

Wanjiru akatoa simu. Hospitali wanafuata hizi sheria kila siku, anajua pa kutafuta. Akasoma, akateremsha, akasoma tena. "Brathe," akasema, "hii ban ni ya indoors. Ndani. Nje sioni wakisema kitu."

Mama Furaha akakaa chini kwenye ngazi, na kitenge chake cha bei.

"Makaburini tulikuwa nje," akasema.

Samaki tulikula, meza ilikuwa imeshikwa. Kila mtu aliangalia sahani yake. Shangazi wa Tuan alifikiri samaki ni mbaya, akaleta mwingine.

Jumapili, 17 Januari

Kanisani tumetazama nyimbo kwenye skrini, midomo imefungwa. Kama kutazama watu wanakula.

Niandike ukweli. Hakuna anayesoma.

Siku ya mazishi, kaburini, Mama Chantal alifungua mdomo. Alianza. Neno moja lilitoka. Yule wa suti akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeongea naye mambo ya gari na maua. Na mimi nikamkanyaga Mama Chantal mguu. Kwa nguvu. Halafu nikampa yule mwenye suti tabasamu. Tabasamu langu la wateja, lile la "hakuna shida boss".

Hakuna polisi aliyemnyamazisha dada yangu. Hakuna serikali. Ni kiatu changu, namba arobaini na tatu.

Tangu Desemba namkasirikia kila mtu mwenye mdomo. Mama Furaha kwa uoga wake. Yule wa suti. Jana wale arobaini, watu wa kazi tu, wanaimba walipwe waende nyumbani kama mimi na foklifti. Na wakati wote aliyefanya ni mimi. Mtu aliyesema no singing alisema mlangoni mwa kapela. Hakuna aliyemuuliza mpaka wapi. Sisi tukiambiwa usifanye hapa, tunaacha kufanya dunia nzima. Tumefundishwa hivyo na watu wenye bunduki, na tumeshika somo vizuri kabisa. Mimi wa darasa la tano, hilo somo nimepata mia kwa mia.

Jumanne, 19 Januari

Nimemwambia Mama Chantal kwamba najua ni mimi niliyemkanyaga.

"We Dieudo," amesema, "ulifikiri nilidhani ni ng'ombe?"

Alikuwa anajua. Ukucha wake ulitoka. Mwezi mzima alikaa nyuma yangu kwenye gari, hakusema kitu. Nimelia ndani ya duka la unga, watu wanapita na matoroli.

Jumatano, 20 Januari

Mama Furaha hakuamini simu ya Wanjiru. Hakuniamini mimi, hapo ana haki. Amepiga mwenyewe ofisi ya makaburi, amevaa mpaka miwani kwa ajili ya kupiga. Ameuliza mara tatu kwa maneno matatu tofauti. Mwanamke wa kule amemjibu, of course you can sing to her, darling, it's a cemetery.

Amenipigia kunielezea. Nikangoja aniombe msamaha. Yeye akangoja mimi.

Halafu akasema: Jumamosi, saa tatu, makaburini. Umfuate kila mtu mlangoni kwake. Na mwaka huu usinitaje kwenye mambo ya opera.

Jumamosi, 23 Januari

Jua kali. Hatujazidi idadi iliyoruhusiwa, Wanjiru alihesabu. Wamesimama mbalimbali kama nguzo za umeme, nyasi katikati. Nilifikiri wimbo utavunjika kwa ule umbali. Haukuvunjika.

Mama Furaha hakuanzisha yeye. Alimwangalia Mama Chantal. Mama Chantal akaniangalia mimi, akarudisha miguu yote miwili nyuma, mbali na viatu vyangu. Hapo watu wakacheka, makaburini, matanga yameanza na kicheko. Yaya angependa.

Akaanza. Wote wakaingia. Mahali pa sauti ya kwanza walipaacha wazi. Hawakupanga. Kila wimbo ulikuwa na shimo pale juu ambapo yeye angekuwa.

Mbali kidogo kulikuwa na mtu anakata nyasi na mashine. Nikasema sasa huyu anakuja kutufukuza, nikawa tayari na hasira yangu, nimeshaitoa mfukoni. Alizima mashine. Akavua kofia. Akangoja mpaka tulipomaliza, akawasha tena.

Hasira ikabaki mkononi, haina kazi.

Jumapili, 24 Januari

Nimelala mpaka saa nne. Nimekula nyama iliyobaki. Gari lina nyasi kila mahali, nitasafisha kesho. Hakuna kitu kinachouma leo. Kinauma, lakini kimekaa.

Jina la yaya nimelitoa kwenye orodha ya Januari. Nimeliandika kwenye ya Machi, ballet. Hiyo ni ya mwisho, halafu nitaona.

Sasa wewe. Najua nilisema hakuna anayesoma. Lakini daftari hupotea, na kama umeliokota na umefika hapa, tufanye biashara.

Mimi nakupeleka opera. Kiti cha pembeni, lakini unaona. Nitakudanganya saa ili usichelewe. Baadaye samaki Cabramatta, nakurudisha mpaka mlangoni, petroli juu yangu. Wewe, siku yangu ikifika, uje uimbe. Sauti mbaya ni sawa, maneno usipoyajua itikia tu. Mtu akikuambia nyamaza, usimpe tabasamu. Muulize kwanza: ndani tu, au mpaka nje?

Kama imekaa sawa, chukua kalamu, weka jina lako hapa chini.