Kiapo cha Baba juu ya Ukwato wa Farasi

Mtaa wa Wahunzi,
Valdehierro.
Siku ya tatu baada ya Mtakatifu Martin.

Mpendwa dada Toda,

Pokea salamu za fundi hodari kuliko wote tangu Nuhu ashushe farasi safinani. Ndiyo, mimi Munio, yuleyule uliyekuwa ukimfuta makamasi! Siku hizi farasi wakiniona huinua mguu wenyewe. Wewe hujambo? Shemeji bado anakoroma kama mvukuto wetu? Mtoto ameota meno? Sisi tunapumua.

Najua wachunga kondoo wamekufikishia habari, na wakwe zako wanakusimanga kuwa baba yako ameapa uongo. Ndiyo maana umekuwa kimya tangu mavuno.

Basi sikiliza. Yule mjane Menga mwenye kinu alimleta farasi wake kuvishwa viatu Jumatatu moja ya mavuno. Alhamisi akawa anachechemea, Jumapili mguu umevimba hadi goti. Sheria ya mji unaijua tangu utotoni: mhunzi akichoma nyama ya ukwato kwa msumari na akasema palepale, atamtunza mnyama kwake mpaka apone, yakaisha. Akificha, farasi kwa farasi.

Menga akaja na kelele zake. "Ordoño! Mmenichomea mnyama wangu!"

Baba naye unamjua. "Mama Menga, nyundo hii haijakosea miaka thelathini. Kagombane na mawe ya mtoni."

"Basi kaape!"

"Hata kesho."

Akaapa kweli mbele ya mahakimu, mkono juu ya Injili. Siku ya pili yake farasi akafa. Wahunzi wawili walioteuliwa na mji wakaupasua ukwato pale uwanjani, watu wamejaa. Tundu la msumari hilo hapo, jeusi, linatoka usaha. Baba akalitazama, akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

Farasi wetu Rucio amekwenda kwa Menga. Hilo si neno. Lakini aliyeapa uongo hashiki tena ukwato mjini humu, wala hasimami shahidi. Nyundo ya Baba wameitundika kwenye lango la soko, kila apitaye aione. Yeye hushinda kando ya fuawe lililopoa, akikunja na kukunjua viganja. Mkate anaumega, anauacha. Mama anahofu Baba hataiona Pasaka.

Lile la farasi kuniinulia miguu nimekudanganya. Hapa haletwi hata punda.

Mama anakusalimu sana. Mjomba Galindo pia, na bibi Oria anauliza kama bado unaogopa bata. Mungu auweke mlango wako mbali na aibu kama hii.

Nilitaka kukomea hapo, dada, mkono umekataa. Baba usimnunie. Msumari ule niliupigilia mimi. Nilikuwa nataniana na vijana waliopita, nikipiga bila kutazama, ili waone. Likatoka tone moja la damu. Nikalipaka tope kwa kidole.

Asubuhi ya kiapo Baba aliniuliza, "Munio mwanangu, ulichoma nyama?" Nikasema, "Hapana, Baba." Akachukua kofia yake, akaenda kuapa.

Mpaka leo hajaniuliza tena, wala hajamwambia mtu.

Ndugu yako akupendaye, nawe umpende bado ukiweza,
Munio