Darubini ya Mara Kumi na Sita

Eldas,
Jumatano, 12 Februari 1997.
Asubuhi: jua kali tangu saa moja, vumbi kutoka mashariki, hakuna wingu.

Kwako kaka yangu, Abowe Keinan,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Waberi, Garissa, ukiwa mzima, na kwamba Idi ilikuwa ya heri kwako. Sisi tunamshukuru Mungu. Mama yetu, Hooyo, ana kikohozi cha vumbi lakini anatembea. Mimi bado nafundisha darasa la nne. Ngamia wetu wamebaki kumi na mmoja.

Katika barua tatu umeniuliza kwa nini baba yetu, Aabo, hajibu, na kama atakuja Machi kukuposea Sahra kwa wazee wake. Nilikujibu kwamba ana shughuli. Hakuwa na shughuli yoyote. Alikuwa amekataa kuja, na alikuwa amekataa barua zako zisomwe mbele yake. Kila moja ilipofika aliniambia niirudishe kwenye bahasha.

Chanzo ni yule simba aliyekula ndama wetu mwaka jana. Unakumbuka kwamba Aabo aliomba darubini, kwa kuwa macho yake hayafiki mbali kama zamani, na kwamba mwezi wa Agosti nilipokuja Garissa kwa semina ya walimu ulinikabidhi moja nimpelekee. Aliipokea kwa furaha. Aliivaa shingoni hata akienda msikitini.

Tarehe 19 Septemba, alfajiri, alitoka na jirani yetu Bare kufuata nyayo. Haya nimeyapata kwa Bare mwenyewe. Anasema Aabo alipanda kichuguu huku akihema, akaishika darubini kwa mikono mitupu, hapakuwa na mti wa kuegemea. Alilalamika kwamba picha inacheza kama maji ya kisima yaliyotupiwa jiwe. Mara akasema ameona masikio na mgongo wa rangi ya mchanga nyuma ya kichaka. Bare akamsihi wasogee kwanza. Aabo akamjibu kwamba mtu aliyetumiwa jicho na mwanawe hana haja ya kusogea. Akapiga bunduki.

Alikuwa ngamia wa Shamso, yule mjane, tena ngamia pekee aliyekuwa na maziwa. Alikuwa amelala, kwa hiyo kengele ya mti shingoni mwake haikulia.

Aabo alimpa Shamso ngamia wetu mzuri kuliko wote siku hiyo hiyo, bila kusubiri wazee wakae. Polisi walikuja wakaichukua bunduki aliyopewa kama askari wa akiba. Lakini kilichommaliza ni mzaha wa kisimani. Watu walimuuliza, “Mzee, leo umekamua simba wangapi?” Hata wanawake walicheka. Tangu hapo haendi kisimani, na simba ameshakula ngamia wengine wawili wa watu. Nilipomwambia habari ya posa yako, alisema, “Aliyenichagulia jicho sokoni, na achague baba huko huko sokoni.”

Abowe, najua hapa umeshaanza kushangaa, kwa sababu darubini uliyonipa haichezi.

Daftari langu lina tarehe yake: Jumamosi, 24 Agosti. Uliniambia umemuuliza mtu aliyewahi kufanya kazi ya kulinda wanyama, akakushauri inayokuza mara saba, kwa kuwa Aabo ataishika mkononi, akiwa amesimama, kabla jua halijatoka. Nilikusikia, lakini moyoni nilisema umebana mkono. Lori lilipolala Wajir niliingia duka moja nikaona ya mara kumi na sita. Mwenye duka aliitazama yako akacheka, akasema hiyo ni ya kuchungia kuku, mzee wa simba apewe namba ya wanaume. Niliijaribu kwa uangalifu, kama ninavyofanya kila kitu. Niliweka viwiko juu ya gunia la sukari nikasoma maandishi ya tangi la msikiti, herufi kwa herufi. Nikamwachia yako, nikaongeza mshahara wangu, nikaondoka nayo. Nilitaka Aabo apate iliyo bora. Nilitaka pia, siku moja, nimwambie ni mimi niliyeiongeza.

Mwezi wa Novemba daktari wa mifugo alipita akanionyesha yake ya mara nane. Niliishika nikiwa nimesimama, nikatazama tangi la shule, ikatulia. Niliposhika yetu, lile tangi likaruka. Alinieleza kwamba kinachomkuza mnyama hukuza na mtetemo wa mkono, na kwamba uwanja wa kuona hupungua, unaona kipande badala ya mnyama mzima. Nikajua. Na bado nikanyamaza miezi mitatu, nikisoma lawama zako kwa Aabo na kusikia lawama za Aabo kwako, nami nimekaa katikati.

Leo baada ya Alasiri nilimwambia yote. Hakunifokea. Aliuliza barua zako ni ngapi, nikasema tatu, akanyoosha mkono. Nilizileta, nikakaa kitako nimsomee kama siku zote. Akasema nimpe tu. Kisha alifungua sanduku la bati akatoa na zile za zamani, za miaka yote minne ambayo nimekuwa nikimsomea, akazibeba zote hadi dukani kwa Kerrow. Kerrow alizisoma moja moja mpaka adhana ya Magharibi. Aabo alitaka kujua kama niliwahi kumsomea sawasawa.

Aliporudi alimwambia Hooyo aniambie kwamba Machi atapanda lori la mifugo aje kukuposea. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa Hooyo, bega kwa bega.

Basi utakapojibu, juu ya bahasha andika jina la Kerrow. Ndiye msomaji wake sasa.

Nisamehe ukiweza. Nifikishie salamu kwa Sahra na wazee wake. Hooyo anakuombea dua.

Ni mimi dada yako,
Ruweyda

Alhamisi, kabla ya kufunga bahasha: usiku usingizi haukunijia mpaka saa tisa kasoro robo.