Hakimu Amekumbuka Kitambaa

Mwenzangu, haya amenieleza binti yangu mchana huu huu, hata viatu hajavua. Nimechoka mimi!

Si unajua rufaa ya mumewe imekwama kwa sababu jalada la kesi limepotea? Leo karani wa mahakama amemwambia, "Dada, usitusumbue. Nenda kwa hakimu aliyemfunga, si yeye aliyekuwa akiandika ushahidi kwa mkono wake?"

Akaenda. Mzee amestaafu, akamkuta kibarazani anamenya chungwa. Mzee akamtazama, akacheka. "Wewe nakukumbuka! Ulivaa kitambaa cha kijani, na mimba tele."

Binti yangu akaona kama mumewe ameshatoka gerezani.

"Na mashahidi, baba, walisema nini?"

"Aa, hayo siyakumbuki, mwanangu. Kesi zilikuwa nyingi."

"Sasa ulimfunga kwa lipi?"

"Lazima sababu ilikuwepo."

Lazima sababu ilikuwepo! Miaka tisa gerezani, mwenzangu! Kitambaa anakikumbuka, sababu haikumbuki. Halafu akampa chungwa la njiani.

Chungwa lipo mezani hapa, hakuna anayeligusa.

Amejitupa kitandani kwangu, akaniuliza, "Mama, mimi nilikuja siku moja tu, wewe ulikuwepo mahakamani siku zote. Walisema nini?"

Nikamsimulia shahidi mmoja mmoja, mpaka yule wa tatu aliyekiri mbele ya hakimu kwamba hakumwona mwizi uso. Nayakumbuka yote, ila mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilipogeuka nimwambie hivyo, mwanangu alikuwa amelala, viatu miguuni.