Jezi Uliyonikataza Kuifua

Baba yangu mpenzi,

Nimeifua jezi yako. Nianze na hilo, maana siku tatu limenikaa kooni.

Unakumbuka ulivyotusimulia pale barazani Tanga: chuo cha ualimu ndiyo kwanza kina timu ya mpira, hata viatu mnaazimana, na msimu mzima hamkufungwa. Mliwekeana sharti, jezi isiguse maji mpaka siku mtakayofungwa. "Basi mpaka leo haijafuliwa," ulijisifu, na mama akakujibu, "Ndiyo maana nzi wanakupenda." Uliponikabidhi nilipokuwa nasafiri, ulinishika mkono: "Usiifue, mwanangu."

Nikaitunza humu Doonside, huku Australia, ndani ya mfuko, juu ya kabati. Mjukuu wako Rehema akaishusha, akaivaa, akaitupa kwenye nguo chafu. Mimi natoka kazini Parramatta, kwenye makao ya wazee, nimewaogesha tangu alfajiri, mdogo wake analia mgongoni. Nikazoa nguo zote nikatia kwenye mashine. Ilipotoka inanukia sabuni ya mtoto. Nilikaa sakafuni, baba. Nililia kuliko siku ya maziko yako, ambayo niliyasikia kwa simu tu. Niliona nimekufuta.

Jana nikajikaza, nikampigia Mzee Kombo, golikipa wenu, nikamwambia nimevunja sharti. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Weee! Baba'ako? Yule akiifua kila wiki! Mechi ikiisha magharibi imeingia, anaswali nayo pale pale uwanjani. Angesimama mbele ya Mola ananuka vile? Tulimwona akiianika nyuma ya bweni."

"Na hamkumwambia kitu?"

"Tunashinda, mwanangu, nani aseme? Sharti tulilishika wajinga kumi. Mimi nilitoka upele."

Nilicheka, baba, mpaka mtoto akanyamaza kunitazama. Ila nitakulaumu kidogo, tena bila kuficha. Ulijua mwanao anaamini kila neno lako. Mimi nimeishi nikidhani kwetu hakufungwi mtu, na kila nikishindwa jambo hapa ugenini naona haya peke yangu. Ungeniambia tu. Nimeshakusamehe.

Leo Rehema amekwenda nayo kwenye mechi ya shule, inamfika magotini. Wamefungwa mabao manne. Amerudi na tope mpaka kwenye nyusi, anauliza kwa Kiingereza chao kuna nini cha kula. Nimempakulia, jezi nimeiloweka.

Pumzika, baba. Na mimi nimepumua.

Bintiyo, kitinda mimba wako